Dirisha, maua na paka: kuifurahia nyumba ya Kidahwe wakati wa mvua na wa kiangazi

Dirisha la nyumba ya kijijini lina watu wake. Mzee asiyeweza tena kutembea hujua habari za kijiji kupitia hapo. Mama aliye kwenye arobaini hupata hewa bila kutoka nje. Mgonjwa huhesabu siku kwa kutazama jua linavyosogea ukutani. Hata hivyo, nyumba nyingi mkoani kwetu Kigoma zina madirisha madogo, na mengine hufungwa mchana kutwa kwa kuogopa mbu, vumbi, wezi au nyoka.

Katika makala hii tunaeleza jinsi ya kulifungua dirisha hilo na kulifurahia mwaka mzima, pamoja na maua ya kwenye kopo na paka au mbwa wa nyumbani, bila kukaribisha maradhi. Mfano wetu ni Kidahwe.

Kidahwe hutazama nini?

Kidahwe iko mashariki mwa mji wa Kigoma, pale barabara inapogawanyika, moja ikielekea Kasulu na nyingine Uvinza. Ziwa Tanganyika halionekani kutoka hapa. Kinachoonekana ni michikichi, migomba, mashamba ya mihogo, vilima vya miyombo, malori ya barabarani na nguzo za umeme mkubwa zinazoelekea kituo cha kupozea umeme.

Mandhari hiyo hubadilika kwa misimu miwili. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, asubuhi huwa na baridi, upepo huleta vumbi, na moshi wa mioto ya maporini hufunika vilima. Kwa ndugu zetu wa Ujiji na Kibirizi, ambao dirisha lao hutazama ziwa, milima ya Kongo huweza kupotea kabisa katika ukungu huo. Mvua za kwanza zikinyesha, anga huoshwa na milima huonekana tena kana kwamba imesogezwa karibu.

Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya kukaa dirishani. Miyombo hutoa majani mapya mekundu kabla hata ya tone la mvua, kwa sababu mizizi yake hufika chini kwenye unyevu. Mninga huchanua maua ya njano. Wakati huohuo mbayuwayu huanza kuwasili kutoka Ulaya. Hukaa nasi msimu wote wa mvua, wakila wadudu warukao, na huanza kurudi kwao Machi na Aprili.

Mvua yenyewe huanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba na kwisha Aprili au Mei. Huo ndio wakati wa kijani kibichi, na ndio wakati wa mbu.

Usiku, wa Kidahwe huona taa za malori, na wa pwani ya ziwa huona taa za wavuvi wa dagaa. Dagaa hufuata mwanga, kwa hiyo taa huwa nyingi usiku wa giza na hupungua mwezi ukiwa mpevu. Mwaka 2024 taa hizo zilizimika kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, Tanzania ilipofunga uvuvi ziwani ili samaki wazaliane.

Je, kutazama nje kuna faida yoyote?

Ipo, na imepimwa. Mwaka 1984 mtafiti wa Marekani, Roger Ulrich, alichapisha utafiti kuhusu wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Alilinganisha wagonjwa 23 ambao dirisha lao lilitazama miti na wengine 23 ambao dirisha lao lilitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti waliruhusiwa kurudi nyumbani mapema kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi.

Utafiti huo ulikuwa mdogo, na mti haumponyi mtu ugonjwa. Lakini jambo lenyewe halina gharama. Kama una mzee au mgonjwa ndani, sogeza kitanda chake mahali anapoweza kuona nje akiwa amelala. Kama dirisha limetazama ukuta wa jirani, panda kitu hapo katikati: mgomba, mpapai, au ua la kopo juu ya kigogo.

Mbu hapiti dirishani tu

Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, kwa hiyo hofu ya mbu ni ya haki. Ila mbu anayeeneza malaria huuma hasa usiku. Kulifunga dirisha saa nne asubuhi hakumzuii. Kunaongeza tu joto na giza ndani. Tena usiku dirisha likiwa limefungwa, yeye hupita kwenye upenyo ulio kati ya ukuta na paa.

Dawa yake ni wavu. Kata wavu wa dirisha kwa kipimo, uzungushie fito nyembamba za mbao na upigilie misumari kwa ndani ya fremu, usibaki upenyo hata wa kidole. Ubao wa dirisha ufungukie nje, ili uweze kuufungua bila kugusa wavu. Kisha ziba upenyo wa juu ya ukuta kwa wavu au udongo. Kama jiko liko ndani ya nyumba, tumia wavu, si udongo, ili moshi upate pa kutokea.

Nchini Gambia watafiti walijaribu jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Nyumba zilizowekwa wavu kwenye madirisha na milango, na upenyo wa juu ukazibwa, ziliingiza mbu pungufu kwa zaidi ya nusu. Watoto wenye upungufu wa damu nao walikuwa wachache zaidi.

Wavu wa dirisha hauondoi chandarua kitandani. Chandarua kizima ni cha kulalia. Kilichochakaa na kubadilishwa ndicho unachoweza kukikata ukakitumia dirishani, mradi uyashone matundu.

Jua liko upande gani?

Sisi tuko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Kuanzia mapema Machi hadi mapema Oktoba, jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini. Kuanzia mapema Oktoba hadi mapema Machi, hupita upande wa kusini.

Kwa hiyo dirisha la kaskazini hupata jua wakati wa kiangazi, na la kusini hupata jua wakati wa mvua, siku zisizo na mawingu. La mashariki hupata jua la asubuhi mwaka mzima, nalo ndilo zuri kwa maua mengi na kwa mzee anayeota jua. La magharibi huchoma alasiri. Lifae mshubiri na mimea mingine ya majani manene.

Maua ya kwenye kopo

Huhitaji chungu cha dukani. Dumu la mawese lililokatwa, kopo la rangi lililooshwa vizuri au sufuria iliyotoboka vinatosha. Toboa matundu chini. Changanya udongo wa juu sehemu mbili, mchanga wa mto sehemu moja na samadi iliyooza sehemu moja.

Kiangazi, chomeka kidole udongoni kabla ya kumwagilia. Kukiwa na unyevu, acha. Maji ya kuoshea mchele yanafaa, hivyo huna haja ya kutumia ya kisimani. Futa vumbi kwenye majani kwa kitambaa chenye maji, kwa kuwa jani lenye vumbi halipati mwanga. Wakati wa mvua, hatari hugeuka: mmea hufa kwa mizizi kuoza. Ondoa kopo penye matone ya bati, na punguza maji.

Kisahani cha chini ya kopo kimwage kila wiki. Yai la mbu huchukua siku saba hadi kumi hivi kuwa mbu kamili, kwa hiyo ukimwaga kila wiki hawafiki. Mbu wa dengi, ugonjwa uliolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hupenda vyombo vidogo kama hivyo, naye huuma mchana.

Tuchague mimea gani? Mrehani, kivumbasi na mchaichai hunukia, hufaa kwa chai au mboga, na kivumbasi husaidia kidogo kufukuza mbu, lakini si badala ya wavu. Mmea ule wa majani marefu yaliyosimama kama panga, jamaa wa mkonge pori, huvumilia hata ukisahau maji wiki mbili.

Jihadhari na mitatu. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni huweza kupofusha. Usiupande chini ya dirisha ambako watoto hucheza. Oleanda ina sumu kila sehemu. Na ule mmea wa mjini wenye majani mapana ya kijani na madoa meupe huchoma ulimi na koo mtoto akiutafuna.

Husemwa pia kwamba maua husafisha hewa ya ndani. Chanzo chake ni majaribio ya shirika la anga la Marekani ya mwaka 1989, yaliyofanywa ndani ya visanduku vilivyofungwa. Wachambuzi walipoyapitia upya mwaka 2019, waliona kwamba ingehitajika kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu ili kufanya kazi inayofanywa na hewa inayopita tu. Kwa moshi wa jikoni, fungua dirisha. Ua ni kwa ajili ya macho na pua.

Na tusidhani kupenda maua ya ndani ni mambo ya wageni. Ua dogo la zambarau linalopamba madirisha ya Ulaya kila majira ya baridi limetoka milima ya Usambara, hapahapa Tanzania. Liliitwa Saintpaulia mwaka 1893, kwa jina la ofisa Mjerumani aliyelipeleka kwao.

Paka, mbwa na dirisha

Paka ni mlinzi mzuri. Mavuno yakiingia ndani, panya huyafuata, na nyoka humfuata panya. Paka akipunguza panya, hatari ya nyoka hupungua nayo. Fyeka pia majani yaliyo chini ya dirisha, na usiegemeze kuni ukutani. Ukiwa na paka usitumie sumu ya panya, maana akila panya aliyekufa kwa sumu naye hufa. Mjamzito asisafishe kinyesi cha paka. Afanye mwingine, kisha anawe kwa sabuni.

Wakati wa kiangazi, sakafu ya vumbi huwa makao ya funza, ambao huingia miguuni mwa watu na mbwa pia. Nyunyiza maji, fagia, na mchunguze mbwa kati ya vidole.

La uzito zaidi ni kichaa cha mbwa. Dalili zikishaanza, karibu kila mtu hufa. Lakini chanjo ikiwahi, mtu hupona. Mbwa achanjwe akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Paka naye pia. Muulize afisa mifugo wa kata ni lini chanjo itapita. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni 28 Septemba, tarehe aliyofariki Louis Pasteur, aliyetengeneza chanjo ya kwanza ya ugonjwa huo.

Mtu akiumwa au kukwaruzwa na mbwa au paka, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Usisubiri kuona kama mbwa atakufa. Kituo kikikosa chanjo, ulizia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni.

Na wapo wanyama wasiofaa kuwa wa nyumbani. Tumbili, sokwe na kasuku wa kijivu wanalindwa. Kumfuga mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Sokwe wa Gombe, kaskazini mwa mji wetu, hupata mafua yetu na huweza kufa kwayo. Ukitaka ndege dirishani, weka maji kwenye kisahani juu ya kigogo, uyabadilishe kila siku. Chiriku na mnana watakuja wenyewe.

Kalenda fupi ya nyumba

- Juni hadi Agosti: futa vumbi kwenye wavu na majani, kagua funza, sogeza maua ya jua dirisha la kaskazini.
- Septemba: mpeleke mbwa na paka kwenye chanjo, shona matundu ya wavu na chandarua kabla ya mvua.
- Oktoba: hamishia maua ya jua dirisha la kusini, fyeka majani chini ya madirisha.
- Novemba hadi Aprili: mwaga visahani kila wiki, punguza kumwagilia, lala ndani ya chandarua kila usiku.
- Mei: panda vipandikizi vipya vya mrehani na mchaichai, udongo ukiwa bado na unyevu.

Kama huna fedha ya kufanya yote, anza na wavu wa dirisha moja, lile la chumba anacholala mtoto au mzee. Kisha lifungue.