Wivu, Hila na Ubaguzi wa Rangi katika Othello: Historia ya Hoja ya Iago

Tamthilia ya Othello ilichezwa mbele ya Mfalme James wa Kwanza katika jumba la Whitehall, London, tarehe 1 Novemba 1604. Tangu wakati huo wahakiki wamerudia swali lilelile: kwa nini jemadari aliyezoea vita, mtu mwenye utulivu mbele ya panga, anaangamizwa na wivu kwa muda mfupi namna ile? Jibu moja limejitokeza karne hadi karne, pengine waziwazi, pengine kwa kujificha: kwamba ndivyo walivyo watu wa asili yake. Makala haya yanadai kuwa jibu hilo ni sehemu ya njama iliyomo ndani ya tamthilia yenyewe. Ni hoja ya Iago, ambayo nje ya jukwaa imepata wasemaji wengi.

Ushahidi wa kwanza umo katika namna Shakespeare alivyokitumia chanzo chake. Kisa alikichukua katika Hecatommithi, mkusanyiko wa hadithi wa Mwitaliano Giraldi Cinthio uliochapishwa mwaka 1565. Humo mume anaitwa Mmori tu, neno ambalo Waingereza wa zama hizo walilitumia kwa Mwislamu wa Afrika Kaskazini na kwa mtu mweusi bila kupambanua sana. Mwenye jina ni mke, Disdemona, na ofisa mwovu anasukumwa na tamaa ya mke huyo, inayogeuka chuki baada ya kukosa alichotaka. La muhimu zaidi ni kauli ambayo Cinthio anaiweka kinywani mwa mke mwenyewe: kwamba Wamori ni watu wa damu moto kwa maumbile, na jambo dogo huwatia hasira na hamu ya kisasi.

Shakespeare aliigeuza kauli hiyo juu chini. Desdemona wake, akiulizwa na Emilia iwapo mumewe hana wivu, anajibu kwamba jua la nchi alikozaliwa lilimkausha tabia za namna hiyo. Hata hivyo, madai kuhusu maumbile ya Wamori hayakutoweka, yalihamishwa. Sasa anayeyatamka ni Iago, mwishoni mwa tendo la kwanza, anapomhakikishia Roderigo kwamba Wamori ni vigeugeu, huku akimhimiza ajaze mkoba wake fedha. Punde tu, akiwa peke yake, Iago anakiri kwamba Mmori huyu ana moyo mweupe na humwamini kila aonekanaye mwaminifu. Katika tendo la pili anaongeza kuwa ni mtu thabiti, mwenye upendo na utu wa heshima. Kauli hizi haziwezi kukaa pamoja. Anayetaka kujua Iago anaamini nini hana budi kuchagua kati ya analomwambia mtu anayemla fedha na analojiambia mwenyewe katika uzungumzinafsia. Ajabu ni kwamba wahakiki wengi walichagua lile la mkoba.

Watazamaji wa mwaka 1604 walikuwa na mengi vichwani kabla ya mchezo kuanza. Mwaka 1600 John Pory alichapisha kwa Kiingereza maelezo ya Afrika yaliyoandikwa na al-Hasan al-Wazzan, aliyejulikana Ulaya kwa jina la Leo Africanus, ambamo watu wa Afrika Kaskazini wanasifiwa kwa uaminifu na papo hapo wanatajwa kuwa hawana mfano kwa wivu. Mwaka huohuo Abd el-Ouahed ben Messaoud, balozi wa Sultani wa Morocco, alipokewa London akitafuta ushirikiano dhidi ya Hispania. Mwaka 1601 iliandikwa rasimu ya tangazo la Malkia Elizabeth lililotaka watu weusi waondolewe katika ufalme wake. Mgeni mweusi mwenye manufaa anakirimiwa; mweusi asiye na cheo anaonekana mzigo. Venisi ya tamthilia inaenda vivyo hivyo. Brabantio alimwalika Othello nyumbani mara kwa mara asikilize masimulizi yake, lakini anapoambiwa kuwa amekuwa mkwewe, anadai kwamba binti yake amerogwa, maana haoni njia nyingine ambayo maumbile yangeruhusu jambo kama hilo. Baraza linampuuza kwa sababu Waturuki wanaikabili Kipro na jemadari anahitajika usiku uleule.

Katika onyesho la tatu la tendo la tatu, Iago habuni chochote kipya. Anaokota alichokiacha Brabantio. Kwanza anamkumbusha Othello kwamba Desdemona alimdanganya baba yake. Kisha, Othello anapoanza kunena juu ya maumbile yanayopotoka, Iago anaidaka sentensi kabla haijaisha na kumwonesha kwamba mwanamke aliyewakataa wachumba wa nchi yake, rangi yake na hadhi yake ana kasoro. Akiachwa peke yake, Othello anajiuliza kama ameachwa kwa kuwa ni mweusi, kwa kuwa hana maneno laini ya watu wa mjini, au kwa kuwa umri umeanza kumteremka. Ieleweke kwamba leso bado haijaanguka. Chuki imekubaliwa moyoni kabla ya ushahidi, na leso inakuja kulijaza pengo lililokwisha kuchimbwa.

Hoja hii haimwondolei Othello hatia. Anamnyonga mke anayeomba muda kidogo tu, naye Emilia analipa kwa uhai wake kwa kusema kweli. Lakini kusema kwamba mtu ana hatia ni jambo moja, na kusema kwamba rangi yake ndiyo iliyotenda ni jambo jingine.

Thomas Rymer, mwaka 1693, aliyachanganya mawili hayo bila haya: aliona funzo la tamthilia kuwa ni onyo kwa mabinti wa watu wakubwa wasitoroke na wanaume weusi bila idhini ya wazazi. Huyo angalau alisema wazi. A. W. Schlegel, katika mihadhara aliyoitoa Vienna mwaka 1808, alisema kwa staha zaidi kwamba wivu wa Othello ni ule wa nchi za joto, na kwamba ustaarabu wake ulikuwa utando tu juu ya ushenzi. Coleridge alipita njia tofauti. Kwake, Othello hakuwa na wivu wa kawaida, na nia za Iago zilikuwa visingizio tu. Ila aliona ni jambo la kuchukiza kumfikiria msichana mzuri wa Venisi akimpenda mtu mweusi hasa. Schlegel alizungumza kama Iago, Coleridge kama Brabantio.

Jukwaa nalo lilifuata. Edmund Kean, tangu mwaka 1814, alipunguza weusi wa rangi ya kujipaka hadi hudhurungi. Machi 1833 aliishiwa nguvu jukwaani Covent Garden akiigiza Othello, na Aprili nafasi hiyo ikachukuliwa na Ira Aldridge, Mmarekani mweusi aliyezaliwa New York mwaka 1807. Bunge lilikuwa likielekea kupitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni, iliyopita Agosti mwaka huohuo. Sehemu ya magazeti ya London ilimshambulia Aldridge kwa ukali, na mojawapo ya malalamiko yalihusu mikono yake kumgusa Ellen Tree, aliyeigiza Desdemona. Alicheza mara mbili tu. Baadaye alipata sifa kubwa barani Ulaya, na akafia Łódź mwaka 1867. Kwa maoni ya mwandishi, tukio hili lina uzito kuliko kurasa nyingi za uhakiki: hapa hapakuwa na rangi ya kufutika, na maneno ya Brabantio yalitamkwa na watazamaji.

Ilichukua karibu miaka 100 kabla ya Paul Robeson kuigiza nafasi hiyo London mwaka 1930, kisha Broadway kuanzia 1943 kwa maonyesho 296. Johannesburg, mwaka 1987, John Kani alimbusu Desdemona mbele ya watazamaji katika Market Theatre, chini ya mwongozaji Janet Suzman, miaka miwili tu baada ya sheria iliyokataza mapenzi kati ya weupe na weusi kufutwa.

Swali gumu zaidi liliulizwa na mwigizaji. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Hugh Quarshie, Mwingereza mzaliwa wa Ghana, alihoji iwapo mwigizaji mweusi anayeikubali nafasi ya Othello hathibitishi picha ileile ya mweusi asiyeweza kujizuia. Mwaka 2015 aliikubali mwenyewe, katika kampuni ya Royal Shakespeare, huku Iago akiigizwa na Lucian Msamati, ambaye wazazi wake ni Watanzania. Matusi ya rangi yanapotoka kinywani mwa Iago mweusi, hayawezi tena kuelezwa kwa ngozi ya msemaji wala ya msemwa. Mtazamaji analazimika kuyatafuta walikokuwa wakiishi wote wawili, katika jeshi la Venisi.