Chawa wa Angani

 Leo siasa naziweka kando. Nataka niwasimulie habari ya Mfaransa mmoja na chawa wake, na niseme mapema kwamba simaanishi chawa hawa wa mjini wanaoshinda wakimsifia bosi. Huyu alikuwa na mabawa na injini ya pikipiki.

Kilichonifikisha huko ni deni. Mwaka juzi mhariri alinituma mkoani nikamwandike kijana mmoja, fundi wa kuchomelea, aliyekuwa akitengeneza ndege nyuma ya nyumba ya mama yake. Nikaenda, nikampiga picha amekaa kwenye kiti cha plastiki alichokifunga kwa bolti, watoto wa mtaa wamemzunguka. Habari ikatoka ukurasa wa tatu, kichwa kikubwa, shujaa wa teknolojia na kadhalika. Simu za pongezi zikamiminika. Ila mzee mmoja aliyewahi kuwa fundi wa ndege alinitumia ujumbe mfupi wenye swali moja: "Mwanangu, ulimuuliza uzito wa hiyo ndege umekaa wapi?" Sikuuliza. Sikujua hata kama hilo ni swali. Nikaanza kusoma, na huko nikakutana na Henri Mignet.

Mignet alizaliwa mwaka 1893 kusini magharibi mwa Ufaransa, akasomea mambo ya umeme. Tangu ujana alikuwa na kichaa cha kuruka. Mwaka 1912 alikuwa tayari anajenga chombo chake cha kwanza. Tatizo ni kwamba ndege za kawaida zilimshinda. Kwenye ndege ya kawaida mikono inaongoza fimbo, miguu inakanyaga pedeli, na vyote vinatakiwa vipatane. Ukikosea ukiwa unakata kona kwa mwendo mdogo, bawa moja linakosa upepo, ndege inaanguka ikizunguka kama pia. Hivyo ndivyo walivyokufa marubani wengi wa zama zile, na Mignet aliogopa kufa hivyo. Mtu mwingine angesema basi, kazi hii haikuandikwa kwangu. Yeye akasema ndege ndiyo iliyokosewa.

Akahamia porini, kaskazini mashariki mwa Paris, na mkewe, wakaishi kwenye hema huku anajaribu miundo. Tarehe 10 Septemba 1933 chombo chake cha kumi na nne, HM.14, kiliruka. Kilikuwa kifupi mno. Mabawa yalikuwa mawili, la mbele likiwa juu ya kichwa cha rubani na la nyuma limefuata karibu kabisa mgongoni mwake, na bawa la mbele lilikuwa na upana wa mita 6 tu kutoka ncha hadi ncha. Pedeli hazikuwepo. Fimbo ilikuwa moja: ukiivuta, bawa zima la mbele linainua uso na ndege inapanda, ukiipeleka kushoto au kulia, usukani wa mkia unafuata. Injini ilikuwa ya Aubier-Dunne, nguvu za farasi 17, ya aina ya pikipiki. Kwa maana ya kutoangukia bawa moja, Mignet alikuwa amefaulu kweli. Hata ukipunguza mwendo kupita kiasi, chombo kilishuka taratibu bila kuzunguka.

Akakiita Pou-du-Ciel, yaani Chawa wa Angani. Waingereza nadhani waliona kinyaa, wakambadilisha akawa kiroboto: Flying Flea.

Mwaka 1934 akaandika kitabu, Le Sport de l'Air, na hapo ndipo mambo yalipowaka moto. Humo alieleza kila kitu: plaiwudi ya namna gani, gundi gani, kitambaa unakivutaje, waya unaufungaje. Kisha anakufundisha kuruka peke yako, bila mwalimu, kwa chombo hichohicho ulichokijenga. Kwanza unakimbia nacho chini uwanjani, halafu unarukaruka kidogo, halafu unapaa. Jamani, fikirieni ni miaka gani ile. Uchumi wa dunia umeanguka, ndege ni mali ya matajiri na majeshi, halafu anatokea mtu anamwambia karani na fundi seremala kwamba angani pana nafasi yake pia. Watu wakaanza kujenga kwenye magereji na mabanda ya bustani, Ufaransa kwanza, kisha nchi nyingine.

Mwaka 1935 kitabu kikatafsiriwa kwa Kiingereza, na tarehe 13 Agosti mwaka huohuo Mignet mwenyewe akavuka bahari na chombo chake kutoka Ufaransa hadi Uingereza. Magazeti yakapagawa. Hapa naomba niseme kama mtu wa ndani: naujua ule wazimu wa chumba cha habari, maana ni uleule ulionipeleka mimi kwa yule fundi. Mtu wa kawaida ameshinda wakubwa, picha nzuri ipo, nani ataharibu habari kwa kuuliza hesabu? Serikali ya Uingereza nayo ikalegeza kamba, ikakubali vyombo hivi viruke kwa kibali maalumu bila cheti kamili cha ndege. Zaidi ya 100 vikasajiliwa huko.

Halafu wakaanza kufa. Kati ya Aprili na Mei 1936 marubani watatu walikufa Uingereza, na miongoni mwao walikuwemo maofisa wa jeshi la anga, siyo makarani waliojifunza kitabuni. Ufaransa pia kulikuwa na misiba. Kilichotisha ni kwamba vilifanana: chombo kinainamisha pua, kinazidi kuinama, na hakiinuki tena hadi chini.

Ilibidi chombo kamili kipelekwe kwenye maabara za upepo, Farnborough kwa Waingereza na Chalais-Meudon kwa Wafaransa, ambako feni kubwa mno hupuliza upepo kwenye ndege iliyofungwa. Majibu yakaja mabaya. Yale mabawa mawili yalikaribiana sana, na upenyo kati yao ulifanya kazi kama mlango mwembamba unaozidisha kasi ya upepo. Pua ikishainama kupita nyuzi 15 hivi, rubani anavuta fimbo ili ainuke, kama mtu yeyote ambavyo angefanya. Bawa la mbele linainua uso, lakini kwa kufanya hivyo linaupeleka upepo wenye kasi juu ya bawa la nyuma, nalo linapata nguvu ya kuinuka. Mkia unapanda, pua inazidi kwenda chini. Yaani ukivuta kwa nguvu zaidi, unajimaliza zaidi. Na kama uzito haukukaa mahali pake, mfano umefunga injini nzito kuliko ile ya kitabuni kwa sababu ndiyo uliyoipata, unaifikia hiyo hali mapema.

Swali la yule mzee ndilo hilo.

Vibali vikasitishwa. Mignet alitoa marekebisho, akaongeza nafasi kati ya mabawa na kubadilisha umbo lake, na vyombo vyake vya baadaye viliruka salama. Lakini mapenzi ya watu yalikuwa yameshapoa, na magazeti yaliyomfanya mfalme yakamfanya mwendawazimu. Alifariki mwaka 1965. Wapo mashabiki wa miundo yake mpaka leo, hasa Ufaransa.

Nimewaza sana nani alaumiwe. Wapo wanaosema ni wajenzi, kila mtu aliongeza lake. Kweli, lakini maabara ilionyesha kasoro ipo kwenye muundo wenyewe. Mignet hakuwa tapeli, kwani alikaa yeye mwenyewe kwenye kile kiti, tena mara nyingi. Kosa lake naliona ni moja: aliona kuruka kwake salama ni ushahidi wa kutosha, akachapa maelfu ya nakala kabla mtu mwingine hajampima.

Waliofuata hawakuitupa ndoto yake ila waliiwekea macho ya pili. Uingereza mwaka 1946 wapenzi wa ndege ndogo waliunda chama chao, ambacho tangu 2008 kinaitwa Light Aircraft Association. Mwanachama anayejenga ndege hukaguliwa hatua kwa hatua. Mkaguzi anataka kuona mbao na gundi ndani ya bawa kabla hujafunika kitambaa, maana ukishafunika imebaki imani. Marekani, Paul Poberezny alianzisha Experimental Aircraft Association mwaka 1953 kule Wisconsin. Sheria ya huko inataka zaidi ya nusu ya kazi ya kujenga ifanywe na raia wa kawaida, kwa kujifunza au kujifurahisha tu. Chombo kinaandikwa kabisa kwamba ni cha majaribio, na saa za mwanzo kinaruka mbali na makazi ya watu bila abiria. Ukiwa umekijenga wewe unaweza kupewa cheti cha kukifanyia mwenyewe ukaguzi wa kila mwaka, kwa hoja kwamba anayejua kila msumari ni aliyeupigilia. Hilo nimelipenda.

Sasa turudi kwenye deni langu. Wiki iliyopita nilimpigia yule fundi. Akacheka, akadhani nataka habari nyingine. Injini ameing'oa, ameifunga kwenye mashine ya kukoboa mahindi, biashara inalipa kiasi. "Lakini kaka, mabawa yapo, nasubiri injini kubwa zaidi."

Injini kubwa zaidi! Nikakaa chini.

Nikamweleza nilichosoma: unaweka mizani chini ya kila gurudumu, uzito wa kila moja unauzidisha kwa umbali wake kutoka puani, unajumlisha, unagawa kwa uzito wote, unapata mahali ndege ingesimama ukiiweka juu ya kamba moja. Nikamwambia pia kuhusu fimbo inayovutwa na pua isiinuke. Akanyamaza muda mrefu, nikadhani salio limekata. Kisha akasema mizani zipo kwa wanunuzi wa mahindi, za kupimia magunia, anaweza kuazima tatu Jumapili wasipokuwa na kazi, ila hesabu ya kugawa nije nimsaidie.

Nimeshakata tiketi ya basi la Jumamosi. Yule mzee wa ujumbe mfupi nimemwomba twende wote, na amekubali kwa sharti kwamba nisibebe kamera.