Tabibu wa Kiskoti wa Sultani wa Zanzibar na Mapokezi ya Kipindupindu

Akitajwa Mskoti wa Zanzibar ya karne ya 19, wengi humkumbuka Dkt. John Kirk, aliyefika mwaka 1866 akiwa daktari wa ubalozi wa Uingereza na baadaye akawa balozi mwenyewe. Huyo aliitumikia serikali yake. Aliyekuwa tabibu wa Sultani ni mwingine, Dkt. James Christie, naye Mskoti. Jina lake halisikiki sana, lakini kitabu chake juu ya kipindupindu cha Afrika Mashariki, kilichochapwa London mwaka 1876, kinastahiki kujulikana na wanafunzi wetu.

Kwanza suala la fiqhi. Je, Muislamu aitegemee kauli ya tabibu asiyekuwa Muislamu? Imam Nawawi na wengi katika Mashafi'i wameshurutisha, katika mambo ya ibada kama kuacha maji na kutayamamu, kwamba tabibu awe Muislamu muadilifu. Ibnul Qayyim akaegemea kuruhusu utabibu wa asiyekuwa Muislamu akiwa mwaminifu na mjuzi, kwa hoja kwamba Mtume (s.a.w.) katika Hijra alimwajiri Abdullah bin Urayqit kuwa kiongozi wa njia, ilhali hakuwa amesilimu. Sultani wa Zanzibar alikuwa Ibadhi, raia wake wengi Mashafi'i, na tabibu wake Mkristo.

Lakini kwa Christie suala liligeuka. Yeye ndiye aliyehitaji kauli za Waislamu.

Kipindupindu kiliingia mjini Zanzibar mwishoni mwa mwaka 1869 na kuendelea hadi 1870. Wengi wangedhani kimeletwa na jahazi. Christie akaona kimetokea bara, kwa njia ya Pangani. Kimefikaje Pangani? Hapo hapakuwa na daktari wala daftari. Palikuwa na watu: wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliozoea misafara ya pembe, waliojua nani katoka wapi na maradhi yamemkuta kambi gani. Kwa khabari zao aliunga njia kutoka nchi za Bahari ya Shamu, ambako maradhi yaliwaua mahujaji wengi Makka mwaka 1865, kupitia Uhabeshi na nchi ya Wamasai hadi pwani. Wanafunzi wa hadithi watalitambua jambo hili: khabari haisimami mpaka kila kiungo kimejulikana. Sisi wa huku Isansa, tulio karibu na Tunduma ambako malori huvuka kwenda Zambia, hatuhitaji kuelezwa namna ugonjwa unavyofuata njia ya biashara.

Na tukumbuke kwamba kijidudu chenyewe kilikuwa bado hakijatambuliwa Ulaya. Robert Koch alikithibitisha mwaka 1884, miaka minane baada ya kitabu hicho. Hata hivyo, kwa kufuata watu na njia tu, Christie alifikia alipofikia. Sayyidna Umar (r.a.) naye alirudi kutoka Sargh, asiingie Shamu yenye tauni ya Amwas, kwa khabari iliyomfikia, kisha Abdurrahman bin Auf akamthibitishia kwa hadithi aliyoisikia kwa Mtume (s.a.w.).

Kumbukumbu za wazee alizitegemea pia. Kitabu kinaanzia mwaka 1821, miongo zaidi ya minne kabla yake kufika. Na mwaka 1870 yalipozuka maradhi mengine ya homa na maumivu makali ya viungo, wazee wa mjini hawakubabaika. Walisema haya tumeyaona zamani, yanaitwa kidinga pepo. Christie aliandika kwamba yalikuwa yamepita Zanzibar mwaka 1823, na katika makala aliyoitoa mwaka 1881 akashikilia kwamba jina la dengue, linalotumiwa na madaktari wa dunia nzima, lina asili katika neno hilo la Kiswahili. Wataalamu wa lugha wangali wakilijadili. Huko Kenya watu husema kidingapopo mpaka leo.