Ushauri nasaha: jina na kazi

Dereva wa matatu aliyekosa usingizi mwezi mzima hakosi mshauri hapa Kenol. Makanga atamwambia apunguze mawazo, mama mboga atamwambia amwachie Mungu, na mzee wa jirani atamkumbusha kwamba mwanamume hujikaza. Mji huu uliopata jina lake kutokana na kituo cha mafuta uko kwenye njia panda: huku Maragua na Murang'a, huku Sagana, Karatina na Nyeri. Watu hawaishi kupita, na kila mmoja ana neno la kumpa mwenzake. Basi dereva huyo akisikia kwamba hospitalini kuna ushauri nasaha, haoni kwa nini apande gari hadi Maragua au Thika kutafuta kitu ambacho amepewa bure stejini tangu alfajiri.

Hapo ndipo istilahi yetu inapotuangusha. Kutoa shauri ni kumwambia mtu la kufanya. Nasaha nayo ni maneno mema yanayotoka kwa anayekutakia heri, mara nyingi mkubwa kwa mdogo. Ukiyaunganisha unakuwa umeahidi maneno juu ya maneno. Lakini kazi inayoitwa kwa jina hilo inaanza kwa kunyamaza. Mtu aliyesomea kazi hiyo anasikiliza, anauliza, anamsaidia anayeumia kuona mzigo wake umekaaje na aanze kuutua wapi, na uamuzi unabaki kuwa wa mwenyewe. Sheria ya Kenya ya mwaka 2014 kuhusu wanasihi na wanasaikolojia imeitambua kama taaluma yenye mafunzo na usajili.

Jina lenyewe pia limepita mahali pazito. Wakenya wengi walilizoea kwenye vibao vya vituo vya VCT mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati ushauri nasaha ulipokwenda pamoja na kupimwa virusi vya UKIMWI. Kazi ile iliokoa maisha, na naiheshimu sana, lakini iliacha hofu: kuonekana ukiingia mlango huo kulitosha kuanzisha maneno mtaani. Shuleni nako, mara nyingi mwanafunzi alipelekwa kwa mwalimu wa ushauri nasaha baada ya kupatikana na kosa. Ndiyo maana napendelea istilahi iliyokita mizizi Tanzania: unasihi, na mwenye kazi hiyo mnasihi. Mzizi ni ule ule wa nasaha, sikatai, ila kwa masikio ya Mkenya neno hili bado halijabeba woga wala adhabu, na linaweza kufundishwa maana yake upya.

Tumtazame dereva wetu akiwa amekubali kwenda. Mlango umefungwa, simu imezimwa. "Niko sawa, daktari, ni kuchoka tu," anasema. Mnasihi hamwambii apumzike. Anamwuliza, "Kuchoka kwa namna gani, baba?" kisha anangoja, hata kimya kikirefuka. "Hata Jumapili nikilala kutwa, naamka nimechoka." Jibu hilo lisingetoka stejini, kwa kuwa pale hakuna anayengoja.

Sasa kuna cha kupambanua. Kikuyu cha hapa kina meciria maingi, Kiswahili kina mawazo mengi, na Kishona cha Zimbabwe kina kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Profesa Dixon Chibanda alilichukua neno hilo la watu alipoanzisha mradi wa benchi la urafiki jijini Harare mwaka 2006, ambapo nyanya waliofunzwa huketi na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati. Maneno ya namna hii ni mlango mzuri wa kuingilia mazungumzo, lakini ndani yake mna hali zaidi ya moja.

Msongo wa mawazo unatokana na kusonga, kubana: mkopo wa gari, karo, trafiki. Mzigo ukipungua, mara nyingi pumzi inarudi. Uchovu sugu wa kazi ni kitu kingine. Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa New York, aliuandikia mwaka 1974 baada ya kuona wahudumu wa kujitolea wakiisha nguvu, na Shirika la Afya Duniani linaueleza kama zao la msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa: nguvu zimekwisha, kazi inakukinaisha, na huoni tena faida ya unachokifanya. Shirika hilo linauweka katika mambo ya kazi, si katika magonjwa, kwa hiyo ratiba ya dereva na hesabu anayodaiwa na mwenye gari kila jioni ni sehemu ya tiba. Sonona ni ugonjwa. Inakufuata nyumbani, kanisani, hata likizoni, na huenda ikahitaji dawa. Wengine huiita unyogovu. Mimi nabaki na sonona kwa sababu aliyewahi kusononeka ataielewa bila kamusi.

Kumsaidia mtu hakuhitaji daktari bingwa kila mara. Utafiti wa Nairobi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mafunzo waliwapunguzia wanawake msongo kwa vikao 5 tu. Wahudumu kama hao tunao katika vijiji vinavyozunguka Kenol.

Kupambanua nako kuna vifaa vyake: dodoso moja linalotumika sana kupima sonona lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita. La mwisho huuliza kama mtu amewaza kwamba heri angekufa au ajidhuru. Kwa miaka mingi lilikuwa swali gumu kulijibu kwa ukweli nchini Kenya, kwani kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, na adhabu yake ilifika kifungo cha miaka 2. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Sasa mnasihi anaweza kuuliza bila kumtia mtu hofu ya polisi. Jibu likiwa ndiyo, hamwachi aende peke yake: wanampigia jamaa anayemwamini, na siku hiyo hiyo anafikishwa kwa daktari.