Kukanda, Kuchua, Kusinga: Mikono ya Unguja na Oman

Kiswahili hakikutosheka na neno moja kwa mkono unaoutuliza mwili. Kukanda ni kubonyeza kwa uzito wa kiganja, kama unga unavyokandwa, au kutuliza maungo kwa maji ya moto. Kuchua ni kusugua msuli hadi ulegee. Kusinga ni kupaka singo kwa mkono mwepesi. Lugha haibagui namna hiyo isipokuwa kazi yenyewe ilikuwa na mabingwa wake.

Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliiona kazi hiyo katika nyumba za baba yake Unguja. Katika kumbukumbu zake, zilizotoka kwa Kijerumani mwaka 1886, anasimulia jinsi bibi mwenye nafasi alivyoamshwa taratibu na kijakazi anayemkanda viungo, na usiku akakandwa tena huku mwingine akimpepea, mpaka usingizi umchukue. Mwendo wa kulala na kuamka ulikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Nikifika hapo hujiuliza jambo ambalo Salme hakuliuliza: yule mkandaji alilala saa ngapi?

Swali hilo linavuka bahari. Majahazi ya Sur yalishuka Unguja na pepo za kaskazi yakarudi na kusi, yakibeba bidhaa na watu, watumwa wakiwamo. Familia za Ibra, Waharthi kwa mfano, zilikuwa na ndugu pande zote mbili. Utumwa uliondolewa uhalali wake Unguja mwaka 1897. Oman ilisubiri hadi 1970.

Lakini si kila kukanda kulikuwa kwa anasa. Penye uzito zaidi ni arubaini ya mzazi, inayojulikana Unguja na Oman pia. Uswahilini mzazi hukandwa kwa maji ya moto, huchuliwa tumbo kwa mafuta, kisha hufungwa mkaja, kitambaa kinachoushika mwili unapojirudia polepole. Oman naye hulishwa uwatu, samli na asali. Hakuna anayeuhimiza mwili huo. Na mkaja uliheshimiwa hata ukaingia katika posa: kipo kitu kiitwacho mkaja, apewacho mama wa bibi harusi, malipo ya tumbo lililofungwa miaka mingi nyuma. Sijui heshima nyingine iliyo wazi kuliko hiyo.

Baada ya mapinduzi ya Januari 1964, na hasa baada ya 1970, maelfu ya watu wenye asili ya Oman waliondoka Afrika Mashariki wakaenda Oman, baadhi yao wakirudi katika miji ya jadi zao, Ibra, Sur na Nizwa, na Kiswahili vinywani. Hospitali zikajengwa, uzazi ukahamia huko. Kilichobaki nyumbani ni siku arobaini zenyewe, na miguu ya wazee inayouma jioni.

Leo wanawake kutoka Tanzania, Kenya na Uganda wanafanya kazi za nyumbani Oman, na wapo wanaoingia katika nyumba ambamo bibi mwenye nyumba anazungumza Kiswahili kama chao. Huyo bibi hana haja ya mkalimani. Akisema "nichue kidogo hapa", ameeleweka, hata kama ni saa tano ya usiku na aliyeambiwa ameamka tangu alfajiri.