Taji Bila Funguo

Mwaka 1626 Wareno walimrudisha Mombasa kijana waliyemlea wenyewe, wakamvika taji. Jina la kuzaliwa lilikuwa Yusuf bin Hasan. Jina walilompa wao lilikuwa Dom Jerónimo Chingulia. Alikuwa na miaka ishirini hivi, na tangu utotoni, akiwa na miaka kama saba, alikuwa ameishi Goa, ng'ambo ya bahari, akisomeshwa na watawa Waaugustino. Kireno alikijua. Misa aliijua. Alikuwa ametumikia meli zao na kujifunza kazi ya mizinga, ameoa ndoa ya kanisani, na amepewa heshima ya Shirika la Kristo, ambayo haikugawiwa hovyo. Kwa macho ya wakubwa wa Goa, huyu alikuwa chipukizi aliyeiva.

Miaka mitano baadaye alimuua kapteni wa Ngome ya Yesu na kuichukua ngome yenyewe.

Kisa hiki kwetu husimuliwa kwa njia mbili. Kuna wanaosema Yusuf alikuwa shujaa aliyewarudi wakoloni kabla neno ukoloni halijazoeleka. Kuna wanaosema alikuwa msaliti aliyeuma mkono uliomlisha. Nimezisikia zote mbili hata kabla ya kumaliza sekondari, na zote zinanichosha, kwa sababu zote zinaanza Agosti 1631, siku ya damu. Mimi nataka ile miaka mitano ya kabla. Kwani walimwamini kiasi gani, na kwa jambo gani hasa?

Kwenye futiboli ya Marekani, ile ya kofia ngumu na mabega mapana, kuna mchezaji wanayemwita kwotabeki. Mpira huanzia kwake karibu kila mchezo, na yeye ndiye anayerusha. Timu ikipata kwotabeki mgeni, kocha huwa na mtihani kila wiki: nimwachie arushe pasi za mbali, au nimwambie ampe mwenzake mpira mkononi tu akimbie nao? Ukimwachia mapema atakupoteza mechi. Ukimfunga mikono hatajifunza, na yeye mwenyewe ataona kwamba jezi anayo lakini mchezo si wake. Wenzetu wanabishana juu ya hili mpaka mishipa ya shingo inawatoka. Mombasa swali hilo liliulizwa karne ya kumi na saba, na waliokosea jibu hawakupoteza mechi tu.

Turudi nyuma kidogo. Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Kipindi hichohicho walimtoa mfalme wa Malindi, ambako walikuwa na marafiki tangu Vasco da Gama alipopita mwaka 1498, wakamleta kutawala Mombasa. Makubaliano yalikuwa mazuri kwenye karatasi: mfalme atapata theluthi ya ushuru wa forodha, Wareno watakaa na ngome. Sasa ngome na forodha katika mji wa bandari ni kitu kimoja, hata leo. Mwenye mizinga juu ya mlango wa bahari ndiye anayehesabu theluthi ni kiasi gani.

Mfalme aliyefuata, Hasan bin Ahmad, babake Yusuf, aligombana na makapteni wa ngome. Hawa makapteni walikuja kwa miaka michache, wengi wakiwa na haraka ya kuchuma kabla ya kuondoka, na mfalme alikuwa amewasimamia njiani. Mwaka 1614 Hasan alikimbilia bara, upande wa Rabai, na huko akauawa. Wareno walikuwa na mkono katika kifo hicho. Kichwa chake kilipelekwa Goa.

Goa ndiko mwanawe alikopelekwa kusoma.

Hapa ndipo ninaposhangaa, na sijaacha kushangaa. Yaani unamchukua mtoto wa mtu uliyemuua, unamfundisha dini yako, hesabu zako na mizinga yako, halafu unamrudisha kwenye mji uleule ukitarajia akushukuru. Unaweza kusema huo ni ujinga. Mimi nadhani ilikuwa hesabu baridi: mfalme Mkristo, wa ukoo halali wa Malindi, anayeandika Kireno. Nani angekataa? Tena mwanzoni ilionekana kufanya kazi. Mwaka 1627 alimpelekea Papa barua ya utiifu.

Lakini tazama alichokabidhiwa. Alipewa jina, taji na sherehe. Hakupewa ngome. Hakupewa mizinga, ingawa alijua kuipiga kuliko wengi waliokuwa wakiilinda. Biashara ilibaki mikononi mwa kapteni. Watu wa mji, Waislamu, walimwona mgeni anayekwenda kanisani na mke wake. Kapteni, Pedro Leitão de Gamboa, alimwona mwenyeji anayejifanya Mreno. Kijana alikuwa na lawama za pande zote mbili na uwezo wa upande wowote hakuna.

Najua hali hiyo kwa kiwango kidogo sana. Kazi yangu ya kwanza nilipewa kadi yenye cheo kizuri, na kwa miezi sita sikupewa neno la siri la mfumo niliopaswa kuusimamia. Wateja walinifokea mimi. Mimi nilirudi nyumbani nikalala. Yusuf hakulala.

Inasemekana alianza kwenda kimyakimya kwenye kaburi la babake na kuomba dua kwa desturi ya Kiislamu. Akaonekana. Habari zikamfikia kapteni, na mpango ukawa kumrudisha Goa akahukumiwe na mahakama ya dini, ile iliyowachunguza Wakristo wanaorudi nyuma. Kwa mtu aliyebatizwa hilo halikuwa jambo dogo. Katikati ya Agosti 1631, wakati wa sikukuu ya Kupalizwa Maria, aliingia ngomeni na watu wake. Hakuhitaji kuvunja lango, maana alikuwa mfalme na mshirika. Kapteni akafa, na ngome ikawa yake.

Kilichofuata hakisimuliki kwa raha. Wareno wa mjini, wanaume, wanawake na watoto, pamoja na Waafrika waliokuwa Wakristo, walitakiwa kuiacha dini yao, na waliokataa wakauawa. Wanaomwita shujaa hupita hapa mbio, na sioni haki ya kupita mbio. Vilevile tukumbuke habari hizi tunazo kwa sababu baadaye kanisa lilichukua ushahidi wa kiapo huko Goa, likitaka waliokufa watambuliwe kuwa mashahidi wa imani. Waliohojiwa walikuwa na uchungu na walikuwa na sababu. Yusuf mwenyewe hakuhojiwa na mtu.

Mwanzoni mwa 1632 jeshi la majini lilitoka Goa kuja kumng'oa. Likashindwa. Mpiga mizinga waliyemfundisha wenyewe alikuwa juu ya kuta walizojenga wenyewe. Ila Yusuf alijua hawezi kukaa humo milele. Mwezi Mei aliharibu alichoweza kuharibu, akapanda meli na kuondoka, akaishi miaka kadhaa akivamia vyombo baharini, hadi alipofia upande wa Bahari ya Shamu mwaka 1638. Wareno walirudi na kuikuta ngome tupu.

Funzo walilochukua Wareno ni lipi? Baada ya hapo hawakuweka tena mfalme Mombasa. Mamlaka yote yalikwenda kwa kapteni. Na hapa ndipo ninapocheka kidogo, kwa sababu nani alikabidhiwa? Kijana mwingine. Ukiingia ngomeni kwa lango kuu, inua macho: kuna jiwe la maandishi ya Kireno ambalo wageni wengi hulipita wakitafuta kivuli. Linamtaja Francisco de Seixas de Cabreira, aliyefanywa kapteni mwaka 1635 kwa miaka minne, na linataja umri wake bila aibu: miaka 27. Huyu alipewa kila kitu. Jiwe linajivunia alivyoijenga upya ngome, alivyowatoza kodi wafalme wa pwani, alivyobomoa kuta za Pate na Siyu, na alivyowaua wakuu wa Pemba kwa uamuzi wake mwenyewe, bila kungoja amri. Baada ya hapo jiwe linaorodhesha zawadi alizopewa.

Kwa hiyo kijana mmoja alinyimwa kila kitu ila jina, akageuka. Mwingine alipewa kila kitu, na Pemba ikalipa. Wazee wa Goa waliliita la kwanza uhaini na la pili utumishi bora. Ukimuuliza mtu wa Pemba wa wakati huo ni kiasi gani mgeni aaminiwe, sidhani angeanza kwa kuhesabu miaka ya umri. Angeuliza kwanza nani atamzuia akikosea. Yusuf alizuiwa kila siku na kapteni mwenye maslahi yake. Seixas hakuzuiwa na mtu. Kati ya hizo mbili palikuwa na nafasi kubwa, na hakuna aliyeijaribu.

Au tuseme ilijaribiwa mara moja, kwa lazima. Mwezi Machi 1696 Waomani waliizingira ngome, na mazingira hayo yalidumu zaidi ya miaka miwili na nusu. Ndani kulikuwa na Wareno wachache na wenyeji wengi waliokimbilia humo. Ugonjwa ukaingia. Walikufa wakifuatana, na kufikia mwisho wa Agosti 1697 kapteni António Mogo de Mello naye alikuwa maiti. Ngome ikabaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, Mswahili, Mwislamu, akiwa na watu 17 wa ukoo wake, wanaume Waafrika wachache na wanawake Waafrika wapatao 50.

Fikiria hapo. Miaka 66 tangu Yusuf, na ngome ile ile iko kwa mwana wa pwani, ikiwa na mizinga, baruti na funguo zote. Nje wako Waislamu wenzake wanaomtaka afungue lango. Hakufungua. Sitajifanya najua moyoni alikuwa na nini. Faza na Pate zilikuwa na ugomvi wao wa zamani, na Pate ilikuwa na Waomani. Huenda hesabu yake ilikuwa ya nyumbani kuliko ya Lisbon. Lakini wale wanawake walibeba silaha na kulinda kuta, na lango likabaki limefungwa wiki baada ya wiki, mpaka msaada ulipofika Septemba.

Meli zilipotia nanga, uongozi wa ngome ukarudi kwa Wareno. Tarehe 13 Desemba 1698 Waomani wakaingia.