Mavazi ya Wasomali na Majirani Zao: Historia Iliyofumwa Benadiri

Mavazi ya asili ya Wasomali huelezwa mara nyingi kwa namna mbili zinazopingana, ya kwanza ikiyahesabu kuwa mavazi ya Kiarabu yaliyovuka Ghuba ya Aden pamoja na Uislamu, na ya pili ikiyahesabu kuwa mali ya watu waliojitenga na majirani wao. Historia ya nguo katika Pembe ya Afrika haiafiki hata moja kati ya rai hizo, kwa kuwa kitambaa kilifumwa humo humo, kikauzwa nchi za mbali na kushindana na cha wageni, na waliokivaa waliongozwa na njia za biashara na dini zaidi ya lugha au nasaba.

Ushahidi wa zamani ulio wazi zaidi unatoka kwa msafiri wa Tanja, Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331 na kuandika kwamba mji huo ulitengeneza nguo zilizoitwa kwa jina lake na kupelekwa hadi Misri. Mavazi aliyopewa na mwenyeji wake yanaonyesha jinsi mji ulivyokuwa umechanganya asili mbalimbali: futa ya hariri, yaani nguo ya kufunga kiunoni badala ya suruali, kanzu ya kitani cha Misri, joho lenye bitana, na kilemba. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba bandari iliyoagiza kitani kutoka Misri ilikuwa wakati huo huo ikiiuzia Misri nguo zake yenyewe, na heshima hiyo ya wafumi wa Mogadishu haijatajwa vya kutosha katika vitabu vinavyosomwa Afrika Mashariki.

Ufumaji huo, uliodumu katika miji ya pwani ya Benadiri kama Mogadishu kwa karne nyingi, ulifanywa kwa kitanda cha shimo. Mfumi aliketi ukingoni mwa shimo lililochimbwa ardhini, miguu yake ikisukuma kanyagio ndani ya shimo, nyuzi za mtande zikiwa zimevutwa mbele yake hadi kwenye kigingi, naye akapitisha mshindio kwa mkono, kutoka upande huu hadi ule. Kitambaa kilichopatikana kwa njia hii hakikuwa kipana, na kwa sababu hiyo vazi la mtu mzima lilihitaji vipande viwili vilivyounganishwa kwa sindano. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita nchi ya Wasomali akielekea Harar mnamo 1854 na 1855, aliikuta nguo ya aina hiyo ikivaliwa bara: shuka ya pamba yenye urefu wa dhiraa nane na mapana mawili yaliyoshonwa pamoja, ambayo mwanamume aliizungusha mwilini na kuitupia begani. Shuka hiyo haiko mbali na shama ya nyanda za juu za Ethiopia, ingawa ile ya Waamhara hupambwa kwa pindo za rangi.

Vazi la mwanamke lililotokana na kitambaa hicho huitwa guntiino, nalo ni nguo ndefu isiyoshonwa, ambayo ncha zake hufungwa fundo juu ya bega moja, kisha sehemu iliyobaki huzungushwa kifuani na kiunoni, bega la pili likaachwa wazi. Guntiino ya thamani ilitengenezwa kwa alindi, kitambaa cha Benadiri chenye mistari ya rangi.

Mtikisiko mkubwa ulikuja katika karne ya 19. Baada ya mkataba wa biashara wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, merikebu za Salem, Massachusetts, zilimimina katika soko la Zanzibar kitambaa cheupe cha viwandani ambacho watu walikiita merikani, na kikasambaa hadi bandari za Benadiri. Wafumi wa Mogadishu hawakuweza kukishinda kwa bei. Walichokifanya ni kununua nyuzi kutoka India na kutilia mkazo nguo za mistari na rangi, ambazo merikani isiyo na urembo haikuweza kuchukua nafasi yake, na kwa uamuzi huo kazi yao iliendelea hata karne ya 20. Uamuzi huo unastahili kuhesabiwa miongoni mwa mambo ya busara katika historia ya uchumi wa pwani hii.

Majirani wa bara ndio wanaodhihirisha zaidi kwamba vazi halifuati lugha. Warendille wa kaskazini mwa Kenya wanasema lugha iliyo karibu sana na Kisomali na hufuga ngamia, na mwaka 1989 mwanaanthropolojia Günther Schlee alionyesha kwamba koo zao kadhaa zina ndugu miongoni mwa Wagabra, Wasakuye na Wasomali. Hata hivyo wanavaa shanga na mashuka mekundu kama Wasamburu, ambao lugha yao ni ya jamii nyingine kabisa, na mwanamke wa Kirendille aliyejifungua mtoto wa kwanza wa kiume hutengenezwa nywele ziwe kishungi kirefu kiitwacho doko. Wasamburu ni washirika wao wa siku nyingi, ilhali Uislamu, uliowafunika Wasomali, haukuwa umeenea kwa Warendille.

Kwa upande wa kaskazini, Waafar, ambao ni Waislamu na wafugaji kama Wasomali, wana alama inayofanana na yao kabisa: mke hujulikana kwa kitambaa cha kichwani kiitwacho shash. Kwa Wasomali msichana aliyekuwa hajaolewa aliacha nywele zake zilizosukwa zionekane, na siku ya saba baada ya harusi wanawake walikusanyika kumvika shaash huku wakiimba buraanbur, ushairi ulio wa wanawake peke yao.

Pwani nayo ina undugu wake. Barawa, ambako lugha ya wenyeji, Chimwiini, ni ya jamii ya Kiswahili, inasifika kwa kofia zilizotiwa nakshi kwa sindano, zinazofanana na kofia za Lamu. Macawis, nguo ya kiunoni ya wanaume iliyofika kwa biashara ya Bahari ya Hindi, hufungwa kama msuli wa Unguja. Na dirac, gauni pana jepesi linalovaliwa juu ya shumizi kwa harusi, ni ndugu wa karibu wa dera linalovaliwa Mombasa na Dar es Salaam.

Tangu miaka ya 1970, uhamiaji wa wafanyakazi kwenda nchi za Ghuba na harakati mpya za kidini vilieneza jilbabu, vazi linalofunika kichwa na mwili wote, na vita vilivyoanza mwaka 1991 vikaharakisha mabadiliko hayo mijini na katika kambi za wakimbizi za Dadaab. Guntiino imebaki zaidi katika ngoma, harusi na sherehe za utamaduni, na guntiino nyingi sasa hukatwa katika vitambaa vya viwandani vinavyoiga mistari ya alindi.